Matanga ya Shangazi Akiwa Hai

Ujumbe ulinikuta saluni, Kinyerezi, Jumamosi asubuhi, kichwa changu nusu kimesukwa na nusu kimetimka. Ulisema kwamba mimi ni mdhamini wa mteja fulani, kwamba mteja huyo ni mdaiwa sugu, na kwamba nisipomshauri alipe kabla ya saa kumi jioni, watu wote anaofahamiana nao watajulishwa tabia yake. Jina la mteja lilikuwa la shangazi yangu.

Nilicheka. Nilidhani ni wale matapeli wetu wa "ile hela itume kwenye namba hii", nikamsogezea msusi simu ili tucheke wote. Msusi hakucheka. Alisoma mara moja, akaweka kitana chini.

"Dada, hao sio wa kucheka nao," akasema. "Hao ni wa mikopo ya simu. Wakikuanza, mpaka mchungaji wako anapata meseji."

Nilifunga mtandio juu ya kichwa changu cha nusu kwa nusu, nikachukua bodaboda kwenda Keko.

Niwaambieni kwanza huyu shangazi ni nani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini roho ilinipaa. Ni dada wa baba yangu, Mzaramo aliyezaliwa Keko na ambaye mpaka leo anakaa Keko, nyuma ya mafundi samani, mahali ambapo kila kitu ndani ya nyumba kina vumbi la mbao hata chai. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Na ndiye kijumbe wa mchezo wa wanawake ishirini wa mtaa ule. Kila wiki wanampelekea hela mkononi, kwa sababu kutuma kwa simu wanasema kuna makato, na kila Jumapili mmoja wao anazoa fungu zima. Mwingine anaezeka nyumba, mwingine analipa ada ya shule, mwingine ananunua jokofu la kuuzia barafu.

Kijumbe hana ofisi wala muhuri. Ana jina tu. Shangazi amekuwa kijumbe tangu nikiwa sijavunja ungo, na sijawahi kusikia Jumapili ambayo mtu aliambiwa subiri. Sasa kesho yake ilikuwa Jumapili. Kama meseji ile ingewafikia wale wanawake, wangefikiri jambo moja tu: kijumbe amekula hela zetu. Ukishafikiriwa hivyo Keko, hata ukihamia Bunju watu watakuwa wameshafika kabla yako kuwasimulia wenyeji.

Nilimkuta uani anachambua mchele, miguu ameinyoosha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Na hicho kichwa? Umemkimbia msusi hujamlipa?"

Alikuwa na hali nzuri ya kutania, nikaona vibaya kuiharibu. Nikampa simu. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akaendelea kuchambua mchele. Alichambua muda mrefu. Alikuwa anatupa punje nzima na kuacha mawe.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Kwani mie nimesema ni uongo?"

Naomba niseme hapa kwamba shangazi yangu ni mwanamke anayezungusha nyanya moja mpaka muuzaji anaanza kuionea huruma nyanya. Ameshawahi kumrudisha muuza samaki kutoka barabara kuu kwa sababu jicho la samaki halikumridhisha. Wachumba wangu wote wawili wa kwanza aliwakataa kwa kuwaangalia viatu. Mwanamke huyu ndiye aliyechukua mkopo kwa mtu asiyemwona uso, kwa sababu tangazo lilijitokeza katikati ya mawaidha aliyokuwa anasikiliza kwenye simu, naye akaona kama limepita mahali pa heri basi ni la heri.

Alinieleza kidogo kidogo, huku akinilaumu mimi kwa kumuuliza. Aliomba laki tatu. Zikaingia laki mbili na nusu, hamsini ikaitwa ada ya huduma. Alitakiwa kurudisha ndani ya wiki moja laki tatu na elfu thelathini. Wiki ikaisha hana. Hapo ndipo simu ikamwonyesha kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Ongeza muda, pumua", na chini yake kwamba alipe elfu hamsini tu.

"Nikalipa hamsini. Wiki nyingine nikalipa hamsini. Nikalipa tena, na tena, mpaka mara sita. Nilijua inapungua."

"Inapungua vipi?"

"Si kama kabati!" akanikemea. "Hapo nje ukitaka kabati unampa fundi leo kidogo, kesho kidogo, mpaka linakuwa lako unalibeba. Nami nikajua nampa huyu kijana wa mkopo anayenipigia kidogo kidogo."

Niliichukua simu yake nikaangalia. Deni lilikuwa halijashuka hata shilingi, na juu yake kulikuwa na faini mbili ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza. Ile hamsini ya kila wiki haikuwa inalipa deni, ilikuwa inanunua wiki tu. Chini kabisa ya ukurasa, kwa rangi ya kijivu iliyofifia, kulikuwa na maandishi madogo: "Lipa deni lote." Shangazi hakuwahi kuyaona. Aliyeyaandika hakutaka ayaone, na hasira niliyopata pale sikuweza kuificha.

"Shangazi, hawa wamekuibia."

"Usiseme hivyo. Kijana mwenyewe ana adabu. Ananiita mama. Akipiga asubuhi ananiuliza nimeamkaje."

"Anakuuliza umeamkaje ili ajue umeamka na hela."

"Juzi alikuwa anakohoa, nikamwambia achemshe tangawizi."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nikamuuliza alikopa ya nini, maana njaa hana, kodi hana, na mimi nipo. Akaufunika mchele kwa kawa.

"Kuna mtu alikwama kwenye mchezo. Zamu ya mwenzake ikafika, hela haikutimia. Nikafunika."

"Nani?"

"Hayakuhusu."

Simu ikaita, ni kijana mwenyewe. Shangazi akaweka sauti kubwa, nafikiri ili nisikie adabu yake.

Na kweli adabu alikuwa nayo. Alimwamkia, akamuuliza hali ya mguu wake unaomsumbua, kisha akamwambia kwamba saa kumi inakaribia na mfumo ukishajifunga yeye hana uwezo wa kuufungua. Shangazi akamweleza kwamba hana kitu kwa leo. Kijana akapunguza sauti, kama mtu anayetaka kukusaidia bila bosi wake kusikia.

"Mama, si una hela za mchezo hapo ndani? Wiki hii umeshakusanya. Chukua humo ulipe, utarudishia kabla ya zamu ijayo. Nani atajua?"

Shangazi alinitazama. Hakuwahi kumtajia mchezo. Baadaye ndipo nilielewa kwamba siku ile alipobonyeza "Kubali, Kubali, Kubali" aliwaruhusu wasome meseji zake zote na majina yote ya simu yake. Pale hatukuwaza hayo. Nilichokiona ni uso wa shangazi ukibadilika, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mwanamke yule akiwa ameaibika, si kwa deni, ila kwa kuwa mtu aliyemwita mwanangu alimdhania angeweza.

"Wewe," akasema, na hakusema tena mwanangu. "Hiyo hela si yangu. Nilichokopa nitakulipa. Walichobuni wenzako sitakilipa. Na tangawizi yangu nirudishie."

Akakata simu. Mimi nikaandika ujumbe kwa kampuni: tunataka mchanganuo wote, kilichokopwa, kilicholipwa na kila faini imetoka kifungu gani. Nikaandika kwamba hatutabonyeza "Ongeza muda" tena. Nikaingia mtandaoni kutafuta kwenye orodha ya serikali ya wakopeshaji wenye kibali, jina lao halimo. Nikaliandika na hilo. Nilijiona nimefanya kazi ya mwanasheria, nikajimiminia chai yenye vumbi la mbao.

Jibu lao halikuwa mchanganuo. Simu zetu mbili zililia pamoja. Tulikuwa tumeingizwa kwenye kundi jipya, na jina la kundi lilikuwa jina kamili la shangazi, kwa herufi kubwa. Picha ya kundi ilikuwa ile aliyopigwa na simu siku ya kukopa, alipoambiwa aangalie mbele na asitabasamu. Majina yakaanza kuingia moja moja. Wanawake wa mchezo, wote. Mke wa imamu. Muuza mkaa. Fundi wa vitanda. Mkunga mstaafu. Akaingia hata mtu ambaye shangazi amemhifadhi kwa jina la "Usipokee".

Shangazi alishika mkono wangu. "Kesho nitakaa na nani mie?" akaniuliza.

Kijana wa adabu, nadhani, alikuwa bado anaandika. Alikuwa anaandika kirefu, mtu anayetaka kuaibisha huwa hana maneno machache. Na katika ule ukimya wa yeye kuandika, watu wakatazama kilichokuwa mbele yao: jina kamili la mama mtu mzima kwa herufi kubwa, picha yake akiwa hacheki, na kundi limefunguliwa ghafla mtaa mzima umo. Kwa Dar es Salaam, hiyo ina maana moja tu: kundi la msiba.

Wa kwanza alikuwa fundi wa vitanda. "Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Jana tu alinisalimia."

Baada yake hakuna aliyeweza kuzuia. Apumzike kwa amani mama yetu. Poleni wafiwa. Mazishi saa ngapi? Msiba uko hapo hapo Keko au umepelekwa kwa kaka yake? Mke wa imamu akauliza nani anaosha. Mtu akaweka namba ya kukusanyia rambirambi, mwingine akapinga kwamba namba ile si ya familia, wakaanza kubishana ni nani mweka hazina.

"Mie mzima!" shangazi akasema kwa simu, kana kwamba inamsikia. Nikamwambia arekodi sauti. Akarekodi: "Jamani, mie mzima, nipo uani nachambua mchele." Ikaenda. Punde jirani mmoja akajibu: "Hiyo sauti alirekodi lini? Mungu amrehemu, alipenda sana kazi za nyumbani."

Hapo ndipo waraka wa kijana ukatua. Ulikuwa mrefu, na herufi kubwa nyingi. Ulisema mwanamke huyu ni mdaiwa, ana deni la kampuni, anakwepa, na kila aliyemo kundini amjulishe alipe. Nilifumba macho. Nilipoyafungua, fundi wa vitanda alikuwa ameshajibu, kwa heshima zote.

"Ahsante kijana kwa kujitokeza mapema. Huo ndio utaratibu. Kabla ya kuzika familia itatangaza, wenye kumdai marehemu wote wataitwa. Uje msibani na ushahidi wako."

"HAJAFA," kijana akaandika. "ANADAIWA."

"Acha utovu wa adabu," mkunga akamjibu. "Marehemu hasemwi."

Nilicheka mpaka mtandio ukadondoka. Shangazi alinipiga begani, kisha na yeye akaanza, kile kicheko cha kushikilia mbavu, machozi yakimtoka, na sikujua ni machozi ya upande upi. Tukiwa katika hali hiyo tukasikia sauti ya mwanamke inakuja kutoka barabarani, anapiga sufuria kwa mwiko.

"Mzaramo kafa! Kafa na deni! Nilimwambia apunguze kula nazi!"

Alikuwa mtani wake, Mnyamwezi muuza vipodozi, ambaye pia yumo kwenye mchezo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na msibani mtani ana kazi yake: wakati wengine wanalia, yeye anamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Alifika mlango wa ua anaimba makosa yote ya shangazi tangu walipofahamiana. Nyuma yake walikuja wanawake wa mchezo na kanga vichwani, mmoja na unga, mwingine na mkungu wa ndizi, na nyuma yao mafundi wawili wamebeba benchi. Waliponiona nimewakimbilia mlangoni, nywele nusu zimefumuka, wakaangua kilio. Kwao kichwa changu ndicho kilikuwa ushahidi, maana mfiwa hufumua nywele.

Kisha shangazi akatokea nyuma yangu, ameshika ungo wa mchele.

Mtani alishusha mwiko. Alimtazama shangazi juu mpaka chini, akatazama sufuria yake.

"Sasa wewe," akasema, "nimefunga duka bure?"

Sitaweza kueleza kelele za nusu saa iliyofuata. Watu walimshikashika kama wanaokagua embe. Mke wa imamu alikaa chini palepale akaomba maji. Fundi wa vitanda alikuja mwisho kabisa, pole pole, na alipomwona amesimama alionekana kama mtu aliyepata hasara.

"Nimeshakata mbao za mwanandani, za kukufunika kaburini," akasema. "Basi. Nitakutengenezea kabati."

Lakini waliosoma waraka hawakuwa wameusahau, na kicheko kilipopungua nikaona wanaanza kuangaliana. Shangazi aliona pia. Aliweka ungo chini, akawaeleza. Hakuremba. Alisema kuna mtu alikwama, akafunika kwa mkopo wa simu, na mkopo ukawa unalipwa bila kulipika. Alisema kuhusu kitufe cha kijani. Wanawake wawili watatu walitoa simu zao kimya kimya wakaanza kutazama vitufe vyao, nami nikajifanya sikuwaona.

Kijana akapiga wakati ule ule. Mtani akaipokea kabla hatujamzuia.

"Kijana, nimesikiliza unavyomsema huyu. Wewe kabila gani?"

Upande wa pili ukababaika.

"Nakuuliza kabila, kwa sababu huyu ni Mzaramo wangu, mwenye ruhusa ya kumtukana hapa Temeke ni mie. Nimerithi kwa bibi yangu. Wewe umerithi kwa nani?"

Kijana akasema kwamba yeye ni mfanyakazi tu. Mtani akamwambia sawa, mfanyakazi, sasa hapa tumekaa watu kama hamsini, tusomee huo mchanganuo mmoja mmoja, faini hii ya nini na hii ya nini, tuko tayari kusikiliza mpaka magharibi. Akaweka sauti kubwa. Kijana akasema mtandao unasumbua. Kisha akajitoa kwenye kundi. Alilifungua yeye, akaliacha kwetu na picha ya shangazi na kila kitu, na mpaka leo lipo, wanatangaziana ndani yake bei ya mkaa.

Hakupita muda, ujumbe ukaja kwangu mimi peke yangu, wenye adabu upya. "Dada, tusifikishane mbali. Leteni kile cha mwanzo, tufute vingine vyote." Nilimjibu aandike hivyo hivyo kwa jina la kampuni, na atume namba ya malipo ya kampuni, si yake. Akaandika. Nilimwambia shangazi kwamba kwa hesabu ya hamsini zote alizotoa, hao hawamdai kitu, ameshawapa zaidi ya walichompa. Alikataa. Alisema alikubali laki tatu na thelathini kwa mdomo wake mwenyewe, na atazitoa, ili siku akifa kweli asiwe na mdai wa kuitwa. Nilibishana naye kidogo, kisha nikaacha. Bado nafikiri nilikuwa sahihi.

Hela zilitoka kwenye rambirambi. Kulikuwa na sinia mlangoni, kila aliyeingia akilia alikuwa ameweka chochote, na mtani alikataa katakata zirudishwe. Alisema hela ya msiba hairudi nayo mtu nyumbani, itamwitia msiba wake. Zilizopungua niliongeza mimi. Nikaenda kwa wakala wa jirani na sinia lenyewe, nikaingiza hela kwenye simu ya shangazi, nikabonyeza yale maandishi ya kijivu, ambayo sasa yalionyesha laki tatu na thelathini na namba ile ile ya kampuni. Sikutoka kwa wakala mpaka ujumbe ulipoingia kwamba deni limefungwa. Nikaupiga picha, kisha nikazima ruhusa zote walizopewa, majina, meseji, picha, ndipo nikaifuta programu yenyewe.

Niliporudi, wali ulikuwa umeiva. Ndizi zilikuwa zimeiva. Msiba ulikuwa mzuri kweli, hata marehemu alikuwa anakula. Nilikaa kwenye benchi la mafundi nikashusha pumzi, nikaona yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mwanamke mmoja, karani wa shule, Mnyakyusa aliyehamia mtaa ule miaka michache tu, hakuwa anakula. Zamu ya kesho ilikuwa yake. Mwanawe alikuwa anaanza chuo, na nauli na ada vilikuwa vinasubiri fungu lile.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa chini lakini wote waliisikia. "Naomba usinichukulie vibaya. Hela zetu zipo?"

Shangazi aliinuka. Alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalifungua juu ya mkeka mbele ya wote. "Hesabuni," akasema. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasema tena, kwa ukali, na karani akahesabu. Zilikuwa zimetimia.

"Zimo," karani akasema. Kisha akaongeza, na namheshimu kwa hilo ingawa wakati ule ningeweza kumwagia mchuzi: "Leo zimo. Mwingine akikwama wiki ijayo, ukakopa tena?"

Lilikuwa swali la haki. Niliona shangazi analijua kuwa ni la haki. Alisukuma kopo katikati ya mkeka.

"Mmesema kweli. Chagueni mwingine, mie nimezeeka."

Mwanamke mmoja akauliza, si kwa ubaya, basi angalau watajiwe huyo aliyekwama, ili wajue wa kumkwepa. Wengine wakaitikia. Shangazi akatikisa kichwa.

"Nitolewe ukijumbe, sawa. Hilo la kumtaja mtu, hapana."

Waliendelea kumbembeleza. Yeye anatazama mkeka. Nami nilikuwa naumia, kwa sababu nilijua hata kunong'onezwa sitanong'onezwa.

"Ni mie," sauti ikatoka jikoni. Alikuwa binti wa muuza mkaa, mdogo kuliko wote kwenye mchezo, ameshika upawa. "Mume wangu alikuwa kalazwa. Mama kijumbe akaniambia nisiseme kwa mtu, ataona la kufanya. Sikujua alienda kukopa."

Kabla hatujamgeukia vizuri, mkunga mstaafu akakohoa. "Mwaka juzi, mie. Aliuza pete yake. Nilidhani ni mie peke yangu."

"Kumbe," akasema mwingine. "Mie alinifunika wakati nyumba inabomolewa."

Halafu mwingine. Halafu wa tano akasema kwa hasira, kana kwamba anasingiziwa, kwamba yeye alirudisha yote, watu wasimwangalie. Walikuwa wanaangaliana wao kwa wao sasa, wanawake waliokaa mkeka mmoja kila Jumapili, kila mmoja ameficha siri ile ile kwa wenzake. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, amekasirika kweli kweli, kwa sababu wamezisema siri alizowatunzia.

Karani alifunga kopo. Alilifunga taratibu, akatoa noti kwenye pochi yake, akaiweka juu ya kifuniko. "Hii ni ya mfuko wa kufunikiana," akasema. "Kila wiki tuweke kidogo, wote. Asibebe peke yake." Noti nyingine zikafuata.

Hakuna aliyejua nani alirudishe lile kopo kwa mwenyewe. Mtani akanyoosha mguu, akalisukuma kwa kisigino mpaka likamgonga shangazi gotini.

"Shika hela zetu, marehemu."